Mbwa Aitwapo Arudi

Mwenye mbwa mchangamfu hapa Nawoitorong, jirani na mji wa Lodwar, ambako mbuzi hupita mlangoni asubuhi na jioni na matumbo ya mnyama aliyechinjwa aghalabu huachwa chini ya mti, anamfundisha mbwa wake kurudi aitwapo kwa sababu iliyo kubwa kuliko starehe: amwite aache matumbo hayo. Mbwa alaye ini au mapafu mabichi yenye mifuko ya maji hupata tumboni minyoo midogo ya jamii ya tegu, na mayai yake yatokayo pamoja na kinyesi, yakimfikia binadamu kwa mikono au kwa maji ya kunywa, humletea mifuko kama ile ile ndani ya ini lake. Nayo ndiyo maradhi yaliyoitaabisha Turkana hata shirika la afya la AMREF likaanzisha huko, mwaka 1983, kazi mahsusi ya kuyazuia, ikiwemo kuwapa mbwa dawa ya minyoo.

Ama kuhusu mafunzo yenyewe, Edward Thorndike, mwanachuoni wa Marekani aliyewachunguza wanyama tangu mwisho wa karne ya 19, alibainisha kwamba mnyama hukariri tendo ambalo tamati yake ilimpendeza na kuliacha lililomletea adha. Kwa hiyo yule bwana ambaye mbwa wake amefukuza mbuzi wa watu mpaka akachoka, kisha akarejea mwenyewe, naye akampokea kwa fimbo, hakumwadhibu kwa kufukuza mbuzi hata kidogo: amemwadhibu kwa kurudi, na kesho atamwita mpaka sauti imkauke. Hili ndilo kosa linaloharibu mbwa wengi kuliko mengine yote.

Anza alfajiri, kabla mchanga haujawaka, ndani ya ua. Chagua neno moja, la Kiturkana au la Kiswahili, usilitumie kwa jambo jingine, wala usimwite kwalo kumwogesha au kumfunga. Liseme mara moja tu, kwa bashasha, kisha mtazame masikio: sikio hugeuka kabla ya kichwa, na kichwa kabla ya mwili, na hapo hapo lilipogeuka sikio ndipo pa kumsifu, usingoje afike. Akifika, mshike ukosi kwa upole, mpe kipande cha nyama iliyopikwa, kisha mwachilie aende zake, maana mbwa akijua kwamba kuitwa si mwisho wa mchezo hana sababu ya kukukimbia.

Ukiridhika, mtoe nje na kamba nyepesi ya mita 10 ikiburuta nyuma yake, mahali peupe pasipo na miba ya mathenge ya kuinasa, mathalan kwenye mchanga wa Kawalase wakati mto hauna maji wala mawingu hayaonekani upande utokako. Mbuzi wawe mbali kwanza, kisha wakaribie kidogo kidogo. Akikupuuza usirudie neno, bali geuka ukimbie upande wa pili, kwani mbwa hupenda kufuata kikimbiacho. Na asipofuata, kanyaga kamba. Usiivue mpaka awe anawaacha mbuzi kwa hiari yake.

Nawasihi basi wenye mbwa wa Lodwar na Kakuma: matumbo ya machinjo yachomeni au yafukieni kwa kina, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa, mwiteni mbwa wenu mapema mumpeleke. Chanjo hiyo hutolewa tangu umri wa miezi 3, nayo hukaririwa kila mwaka.