Tairi la Land Rover Kuukuu Lisichaguliwe kwa Macho

Mnamo Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika mjini Arusha kwa tamasha, na wengi waliona fahari kuyatazama magari ambayo aina yake ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini katika vijiji vingi vya kaskazini gari hilo si pambo. Ndilo limpelekalo mgonjwa hospitalini wakati wa masika, na ndilo liwarudishalo watu na mizigo yao kutoka mnadani. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kusema neno juu ya sehemu pekee ya gari inayokanyaga ardhi, yaani tairi.

Imezuka tabia ya kuyavisha magari haya matairi mapana na ringi zinazotokeza nje ya bodi, ili yaonekane shupavu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Waliolipa gari la 109 tairi la 7.50-16 walikwisha kupima nguvu za injini, breki, usukani na ekseli zake. Ringi ikitokezwa nje, beringi huelemewa na usukani huwa mzito. Tairi likizidi kimo cha lile la awali kwa sehemu 1 katika 10, mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari lakwenda 88. Na breki za kulisimamisha ni zile zile za zamani.

Wala upana si dawa ya kila njia. Penye matope yaliyolalia ardhi ngumu, tairi jembamba huyakata na kukanyaga chini, ilhali lile pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga mwingi upana husaidia, lakini hata tairi la kawaida hupita likipunguzwa upepo, mradi dereva aende polepole na kuujaza tena afikapo barabara ngumu. Anayetaka kipimo cha kisasa atazame 235/85R16. Kimo chake ni kama sentimita 80, karibu sawa na 7.50-16, ila ahakikishe kwamba upana wa ringi yake unalifaa.

Ringi nazo zina masharti. Za Land Rover hizo hufungwa kwa nati 5, na za Land Cruiser za zamani kwa nati 6. Hazibadilishani, na kulazimisha ni kutafuta ajali. Ringi zilizounganishwa kwa ribiti hazizuii upepo, hivyo lazima ziwe na mpira wa ndani. Ringi za vipande, zinazoshikwa kwa pete ya chuma, zahitaji tahadhari kubwa zaidi. Pete iliyoliwa na kutu yaweza kufyatuka wakati wa kujaza upepo na kuua. Kazi hiyo ifanywe ndani ya kizimba cha chuma, na mtu asisimame mbele ya pete.

Mnunuzi asome pia ubavu wa tairi. Namba 112 ya uzito ina maana kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 1,120. Tarakimu 4 za mwisho wa alama ya kiwandani hueleza umri: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno marefu, kumbe mpira wake umekwisha kukauka kwa jua na miaka. Tena, matairi ya ekseli moja yasitofautiane kwa aina wala kwa kimo.

Tunajua matairi ni ghali, na wenye magari haya wengi si matajiri. Ndiyo sababu twasema kwamba fedha chache zilizopo zisinunue mng'aro. Zinunue tairi la kipimo cha awali, lenye uwezo wa kubeba mzigo na ambalo halijazeeka. Abiria anayepanda nyuma pamoja na mtoto wake hasomi alama za tairi. Amemwachia mwenye gari kazi hiyo. Amana hiyo haina budi kutunzwa.