Kitabu cha Sandukuni na Kitabu cha Mkononi

Juzi, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani alinijia barazani, akaamkia, akakaa kitako upande wa mlango. Nilimwona ana neno. Nikamuuliza, "Kheri, mwanangu?" Akasema, "Kheri, ami. Nimesikia unacho kitabu cha Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki. Niazime nikisome."

Nikamjibu, "Njoo kesho." Nanyi wasomaji wangu mwajua mtu akisema njoo kesho ana maana gani.

Kitabu hicho nilipewa na mwalimu wangu wa Kiswahili nilipomaliza shule. Ni chapa ya zamani, jalada limechakaa, na pembeni mwa kurasa mna maandishi ya mwalimu kwa penseli. Mwalimu ameshatangulia mbele ya haki, na mwandiko ule ndio sauti yake iliyonibakia. Basi nilipoingia ndani kulala, usingizi haukuja. Nilikuwa nikiwakumbuka watu wawili wa nyumbani kwetu ambao walipenda vitabu mno, lakini kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza ni mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na sanduku la njumu, na ndani yake vitabu alivyovinunua kwa jasho lake: Alfu Lela Ulela, Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, na Diwani ya Muyaka ile iliyotolewa Johannesburg na W. Hichens mwaka 1940. Siku za Idi alilifungua sanduku, akatuonyesha majalada, kisha akalifunga na ufunguo akautia mfukoni. Ukimwomba umwazime hukujibu hivi: "Kitabu kikitoka hakirudi." Wala hakuwa mwongo, kwani wako wengi walioazima vitabu vya watu wakavifanya urithi wa wazee wao.

Wa pili ni bibi yangu mzaa mama. Yeye hakuzijua herufi za kizungu, lakini alisoma chuoni akakhitimu, na herufi za Kiarabu alizisoma kama maji. Alikuwa na Utenzi wa Mwana Kupona, ulioandikwa kwa mkono na baba yake. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi huo mwaka 1858 kumuusia bintiye, Mwana Hashima, na mwenyewe mle ndani amewaalika wanawake wausome. Bibi aliupokea mwaliko huo kwa moyo safi. Jioni, kazi za jikoni zikisha, majirani walikuja wakakaa mkekani, yeye akauweka utenzi juu ya marufaa na kuwasomea kwa sauti, na sisi watoto tukisikiliza nyuma ya pazia. Akitaka kuazima mtu, alimpa.

Siku moja jirani mmoja aliuazima utenzi ule. Mumewe akapata kazi Malindi, wakahama, na utenzi ukahama nao. Mjomba alighadhibika sana. "Sikuwaambia?" Bibi akanyamaza, kisha akasema, "Bora uko mikononi mwa anayeusoma." Mimi nilikuwa mtoto, nikaona mjomba ndiye mwenye akili.

Mjomba alifariki mwaka 1991. Baada ya matanga tulilifungua lile sanduku. Lo! Nje njumu zang'ara, ndani mchwa wamejenga. Wameingia kwa chini, kutoka sakafuni, wakala vitabu kimoja baada ya kimoja. Uwongozi uliponigusa kidole ulivunjika kama mkate mkavu. Wa Muyaka ulibaki jalada tu. Shangazi zangu walilia, na nadhani hawakumlilia marehemu peke yake.

Mwaka 1996 nilikwenda Malindi arusini. Usiku wa kuamkia arusi, katika nyumba ya jirani wa bi arusi, nikasikia mwanamwali anawasomea wenziwe utenzi. Nikasimama mlangoni. Ulikuwa ule ule, kwa mwendo ule ule. Nilipobisha hodi na kuuliza, nikaletewa daftari la shule, limenakiliwa kwa herufi za kizungu, kalamu ya buluu. Lile la bibi lilikuwa limechanika zamani, lakini mwenye kunakili hakuacha kitu. Mwisho wa daftari ameandika hata jina la yule aliyekiandika kwanza kwa mkono wake: jina la baba yake bibi, na la babu yake. Jina hilo la pili nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akilijua. Nilikwenda Malindi kula biriani, nikarudi na nasaba yangu.

Wasomaji wapenzi, nilipoyawaza haya usiku ule, nikaona kuwa si bibi tu. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na hakuacha diwani iliyochapwa. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu wa Mvita, mtu akimpa mwenziwe, hata alipokuja Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, akamsaidia yule mmishonari W. E. Taylor kuyaandika. Lau watu wa wakati ule wangaliyafungia vifuani mwao, leo tungekuwa na jina la Muyaka tu, kama lile jalada la mjomba.

Na Sauti ya Dhiki yenyewe? Abdilatif alitiwa gerezani mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", akatoka mwaka 1972. Mashairi yale aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri vile vile. Yakachapwa mwaka 1973, na mwaka wa pili yake yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kitabu ambacho watu walihatarisha nafsi zao kukitoa gerezani, mimi nakitia gerezani kabatini mwangu! Nikaona haya.

Nikakumbuka pia jinsi nilivyoupata mimi mwenyewe utamu wa kusoma. Chuoni tulifunzwa kwamba amri ya kwanza kumshukia Mtume (S.A.W.) katika pango la Hira ilikuwa ni kusoma. Lakini vitabu vya hadithi hatukuwa navyo. Tulikuwa wavulana sita na Mzimu wa Watu wa Kale moja, cha Muhammad Said Abdulla. Tulikisoma kwa zamu, kila mtu siku mbili. Nilipofikiwa mimi, kurasa za mwisho hazikuwapo! Nilimsumbua kila mtu nijue Bwana Msa amemkamata nani. Mwisho muuza kahawa wa barazani akanisimulia, kwani na yeye alikisoma, kikombe kimoja baada ya kimoja, mpaka nikamaliza pesa zangu za Idi. Baada ya hapo ndipo nikamjua Shaaban Robert na Kusadikika yake, kisha Malenga wa Mvita wa Ahmad Nassir. Vyote hivyo havikuwa vyangu. Mtu aliyenitia katika ulimwengu wa vitabu ni mwenye kuazima.

Hata hivyo simlaumu mjomba kwa yote. Kitabu cha watu ni amana, na amana hurudishwa. Wazee wetu walipotaka kitabu kifae wengi na kisiuzwe, walikifanya wakfu wa msikiti au chuo. Anayeazima kitabu akakiwekea kikombe cha chai juu yake, au akakikunja pembe, au akamwazima mtu wa tatu bila idhini, huyo ndiye anayewafanya wenye vitabu wafunge masanduku. Nao wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nimenunua daftari. Nimeandika jina la kitabu, jina la mwazimwaji na tarehe. Kijana aliporudi kesho yake, kwa kweli sikumtarajia, nilimpa Sauti ya Dhiki kwa sharti mbili. La kwanza, akirudishe. La pili, siku atakayokirudisha akae nami barazani anieleze shairi lipi limemkaa moyoni na kwa nini. Aliyatazama maandishi ya penseli akaniuliza, "Haya ni yako, ami?" Nikamwambia, "Ni ya mwalimu wangu. Yasome nayo." Akakifunga ndani ya kitambaa, akenda zake. Mimi nikabaki nikiutazama mgongo wake mpaka alipopinda kona.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Hajarudi. Nikimsikia mtu anakohoa nje naangalia mlango. Hata jana mke wangu alinicheka, akasema nimekuwa kama mwenye kungojea jahazi. Lakini kabatini nimekwisha kutoa cha pili, nimekiweka mezani, tayari kwa atakayekiuliza.

Nawe msomaji, fungua kabati lako leo. Kitazame kitabu ukipendacho kuliko vyote, kisha ujiulize ni nani mtaani mwako hajakisoma. Nami nakuachia ubeti huu:

Kitabu ni kama maji, kikituwama huoza,
Kikipata msomaji, nuru yake huongeza,
Na mwenye kuwa mpaji, Mola humpa majaza,
Njoo ewe mhitaji, cha kusoma nakwazima.