Mtoto Huyu Si Mkaidi

Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kipande cha kanga. Ilikuwa saa nne asubuhi, hapa kwetu Gongo la Mboto, nami nilikuwa katika zamu yangu ya kuwatembelea akina mama ambao hatujawaona kanisani kwa muda mrefu. Kutoka ndani nilisikia mtoto akigonga kichwa ukutani, taratibu, bila kulia. Punde mama yake akaja mbio kutoka barabarani, beseni la maandazi kichwani. Aliponiona alisimama, kisha akasema kwa aibu, "Sista, usinihukumu. Nikimwacha wazi anakimbilia relini."

Mtoto huyo alikuwa na miaka mitano na hakuwa akisema. Ndege ikipita juu kuelekea uwanjani, alijiziba masikio na kupiga mayowe. Hakula kitu ila ugali mkavu. Shati likimgusa shingoni alilivua, hata mbele za watu. Siku ya mwisho alipoletwa ibadani, kwaya iliwasha spika naye akapiga kelele hadi mama akaombwa amtoe nje. Mwaka mzima ulipita bila mama huyo kurudi. Mashangazi walisema mtoto ana pepo. Majirani walisema amedekezwa, dawa yake ni fimbo. Baba alisema katika ukoo wao hakuna mtoto wa namna hiyo.

Ndugu msomaji, nina jambo la kuungama. Nilipoishika kadi ya kliniki ya mtoto yule, nilikumbuka. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mama yake aliniuliza mimi mwenyewe, pale kwenye mizani, kwa nini mwanawe haitiki akiitwa jina. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu, "Wavulana huchelewa kusema, mama. Vuta subira." Subira hiyo ilimgharimu mtoto miaka mitatu na nusu.

Je, kosa ni la mama?

Hali ya mtoto yule inaitwa usonji. Ubongo wake umekua kwa namna tofauti na ya wengi, hivyo sauti, mguso, mwanga na maneno humfikia kwa namna tofauti pia. Leo Kanner, daktari wa watoto wa magonjwa ya akili huko Marekani, aliieleza hali hii katika maandishi yake ya mwaka 1943. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo si ajabu iliyoangukia nyumba moja.

Usonji hauambukizi. Hauletwi na chanjo, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni kweli kwamba miaka ya nyuma baadhi ya wataalamu wa Marekani na Ulaya walidai kuwa watoto hawa huharibiwa na mama wasio na upendo. Akina mama wengi waliumizwa na maneno hayo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kilichopinga madai hayo na kuonyesha kuwa chanzo kimo katika ubongo.

Sisi Wakristo tunayo sababu zaidi ya kunyamaza kabla ya kulaumu. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Tumwombee mtoto, naam, tena kwa bidii. Lakini kumfungia, kumfungisha chakula au kumchapa ili pepo atoke si maombi, ni kumtesa asiyeweza kujieleza.

Tiba kwa vitendo ni nini?

Nilimsindikiza mama yule hospitali. Tulibadilisha magari njiani, mtoto akilia safari nzima na abiria wakitutazama. Baada ya daktari kumwona, tulipelekwa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Mama alitegemea sindano au vidonge. Badala yake aliona binti ameketi mkekani, akimwangalia mtoto akizungusha kifuniko cha chupa, bila kumgusa, kwa karibu nusu saa. Kisha binti akaanza kuuliza: Anaamka saa ngapi? Anakula nini? Anavaaje? Nini humtuliza? Mama alilia. Aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza kitu kinachomtuliza mwanawe. Wote walikuwa wameuliza anasumbua nini.

Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu huyu. Hutazama mambo ambayo mtoto anapaswa kuyafanya kila siku, yaani kula, kuvaa, kunawa, kwenda chooni, kucheza na kukaa darasani. Hutafuta ni hatua gani inamshinda na kwa nini, kisha humfundisha kidogo kidogo, na kubadilisha mazingira yamfae. Huwasaidia pia watoto wenye mtindio wa ubongo, na wale wenye utukutu uliozidi ambao hawawezi kutulia kwenye jambo moja. Huko KCMC, Moshi, wataalamu hawa wamekuwa wakifundishwa tangu miaka ya 1980. Hapa Dar es Salaam, Muhimbili na CCBRT iliyopo Msasani ni miongoni mwa hospitali wanakopatikana.

Lakini sikiliza vizuri, mama mwenzangu. Mtaalamu anakaa na mtoto saa moja, pengine mara moja kwa wiki au kwa mwezi. Saa zilizobaki ni zako. Binti yule alisema, "Mama, mimi nakuonyesha tu. Tiba yenyewe iko jikoni kwako na uani kwako."

Mambo tuliyofundishwa

1. Anza na hatua ya mwisho. Mvalishe kaptula hadi magotini, yeye amalizie kuipandisha. Akiweza hiyo, mwachie hatua moja zaidi. Hivyo kila siku anamaliza kwa kushinda, wala si kwa kushindwa.

2. Mpe kazi nzito zinazolingana na umri wake. Kubeba kidumu kidogo cha maji, kukanda unga, kusukuma ndoo. Watoto wengi wa aina hii hutulia mwili unapofanya kazi ya nguvu. Fanya hivyo kabla ya jambo gumu, kama vile kuoga au kutoka nyumbani.

3. Mwonyeshe siku yake kwa picha. Chora kwenye vipande vya boksi mswaki, sahani, viatu, kitanda. Vipange kwa mfuatano. Asiyeelewa maneno huogopa sana kisichotazamiwa, na picha humwambia kinachofuata.

4. Usimlazimishe chakula. Weka kipande kidogo cha chakula kipya pembeni mwa sahani, siku nyingi mfululizo, hata asipokigusa. Kumkaba ili ameze huongeza hofu na kunaweza kumpalia.

5. Chunguza kabla ya kuadhibu. Akipiga kelele, jiulize: ni sauti? Ni nguo? Ni njaa? Ni maumivu ya sikio au jino ambayo hawezi kuyasema?

Usingoje

Nawaomba msifanye kosa nililolifanya mimi. Mpeleke mtoto kituo cha afya ikiwa ametimiza mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina, au haonyeshi kitu kwa kidole. Ikiwa ana miezi kumi na sita na hana neno hata moja. Ikiwa ana miaka miwili na hawezi kuunganisha maneno mawili. Au ikiwa, katika umri wowote, amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Omba apimwe masikio pia. Ukiambiwa "atasema tu", rudi tena, na uombe barua ya rufaa. Jihadhari na wanaouza dawa za kuponya usonji. Dawa hiyo haipo.

Kuhusu shule, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kusoma. Msimbazi Mseto, Ilala, ni mojawapo ya shule za msingi zilizo na kitengo cha watoto wenye usonji.

Na baba je? Yule aliyesema ukoo wao hauna mtoto wa namna hiyo alikataa kuja hospitali mara mbili. Mara ya tatu mama hakumwomba. Alimwachia tu mtoto Jumamosi moja, akaenda kuuza maandazi. Jioni alimkuta mumewe akichota maji, mtoto nyuma yake na kidumu chake. Tangu hapo kazi hiyo ni yao wawili.

Miezi minane imepita. Mtoto bado hasemi, na siku mbaya bado zipo. Lakini anavaa shati mwenyewe, lile ambalo mama alilikata kola. Anakula viazi. Akitaka maji humletea mama picha ya kikombe. Nasi kanisani tulizungumza na kwaya, spika zikapunguzwa, na benchi lililo karibu na mlango likaachwa kwa ajili ya familia hiyo ili watoke na kurudi bila kuombwa radhi wala kuomba.

Katika mtaa wako yumkini uko mlango uliofungwa kwa nje. Usipite ukinong'ona. Bisha hodi, uketi na mama huyo, umwulize kitu kinachomtuliza mwanawe.