Milango 65,535 na Mabingwa Wake

Namba kubwa kuliko zote inayoweza kupewa mlango wa mtandao kwenye kompyuta ni 65,535. Haipandi zaidi ya hapo kwa kuwa imetengewa biti 16 tu. Wazee wanakaa chini ya 1024.

Mzee wao ni Telnet, itifaki ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, mlango wa 23, iliyozaliwa 1969. Hupeleka nywila wazi wazi, kila herufi ionekane na yeyote anayechungulia njiani. Ilipaswa kustaafu zamani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilibisha hodi mlangoni hapo ikiwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani, jozi kama sitini hivi, ikateka kamera na ruta chungu nzima.

Namba iliyopatikana kirahisi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni 22. Mwaka 1995 nywila ziliibwa kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, na Tatu Ylönen akaandika SSH, itifaki inayoficha mazungumzo yote. FTP, itifaki ya kuhamisha faili, ilikuwa na 21, Telnet 23, katikati patupu. Akawaomba wagawaji wa namba kwa barua pepe. Kesho yake akapewa.

Kwa kasi, hakuna aliyemfikia Slammer. Mnyoo huyu wa kompyuta alizuka 25 Januari 2003 akipitia mlango wa 1434 wa seva za hifadhidata za Microsoft. Mwili wake ulikuwa baiti 376, mfupi kuliko aya hii. Siri yake ilikuwa UDP, itifaki isiyosubiri jibu: seva ikishaambukizwa, inarusha nakala huku na huko bila kujali kama zimepokelewa. Mwanzoni idadi ya waathirika iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika kumi sehemu kubwa ya seva zilizokuwa hatarini duniani zilikuwa zimeshaambukizwa. Huko Marekani, ATM za Bank of America zikagoma. Kinachoudhi ni kwamba kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa miezi sita kabla.

Mwaka 2018 aliyeongoza kwa kukuza mashambulizi alikuwa memcached, programu ya seva ya kuhifadhi data kwa muda, mlango wa 11211. Ombi dogo la kughushi liliweza kuzaa jibu kubwa mara 51,000, likielekezwa kwa mtu asiyeuliza kitu. Februari mwaka huo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilimiminiwa kwa njia hiyo terabiti 1.35 kwa sekunde.

Upande wa zana, nyota wa sinema ni Nmap ya Gordon Lyon, iliyotoka 1997: katika The Matrix Reloaded, Trinity anaitumia kutafuta mlango ulio wazi, na anachokikuta ni 22. Lakini kwa mbio ZMap ya Chuo Kikuu cha Michigan inaipita mbali. Tangu 2013, kompyuta moja yenye laini nzuri inaweza kukagua mlango mmoja kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45. Anwani yako imo. Kama ruta ya nyumbani bado ina nywila ya kiwandani, ibadilishe leo.