Hesabu ya Kuunganisha Treni Barani Ulaya

Mji wa Chur, ulioko mashariki mwa Uswisi, una wakazi wasiofika 50,000. Hakuna treni itokayo hapo moja kwa moja hadi London. Abiria aendaye huko hupanda treni hadi Zürich, kisha nyingine hadi Paris. Huvuka jiji hilo kutoka stesheni moja hadi nyingine, na hatimaye hupanda treni ipitayo katika njia ya chini ya bahari iliyofunguliwa mwaka 1994. Huenda ikadhaniwa kwamba jambo kuu katika safari hiyo ni mwendo wa treni. La hasha. Jambo kuu ni dakika za kubadilisha treni.

Uswisi ilitambua hayo mapema. Mwaka 1982 ratiba ya taifa ilipangwa ili treni ziondoke katika dakika zile zile kila saa. Mwaka 1987 wananchi walipiga kura kuukubali mpango ulioitwa Bahn 2000. Kwa mpango huo, treni za pande mbalimbali huingia katika stesheni kubwa muda mfupi kabla ya saa kamili au nusu saa. Abiria hubadilisha treni, kisha treni hizo huondoka. Ili hesabu hiyo itimie, safari kati ya stesheni kubwa mbili sharti ichukue muda pungufu kidogo ya saa nzima au nusu saa. Ndiyo sababu ya kujengwa reli mpya kati ya Mattstetten na Rothrist, iliyoanza kutumika Desemba 2004: safari ya Bern hadi Zürich ikawa ya dakika 56. Kuongeza mwendo zaidi ya hapo kungemfikisha abiria mapema, naye angekaa kungoja tu.

Utaratibu huo haumfikishi abiria hadi mwisho wa safari ndefu. Kutoka Chur hadi Zürich treni hupatikana angalau kila saa, lakini zile za moja kwa moja kutoka Zürich hadi Paris ni chache kwa siku, na kila kiti hukatiwa tiketi ya treni maalumu. Reli za Paris nazo zilijengwa katika karne ya 19 na makampuni mbalimbali, kila moja na stesheni yake. Hivyo treni ya Zürich huishia Gare de Lyon, ilhali ile ya London huanzia Gare du Nord, na kabla ya kuipanda abiria hukaguliwa pasipoti na mizigo.

Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kila muungano hufaulu mara 9 katika 10, bila mmoja kuuathiri mwingine, safari yenye miungano miwili itafaulu mara 81 katika 100, na yenye mitatu mara 73 hivi. Hata hivyo, hasara za kukosa treni hazilingani. Aliyechelewa treni ya Chur hupoteza saa moja au pungufu. Aliyechelewa ile ya Paris huweza kupoteza kiti chake, treni ya London na malazi aliyokwisha kulipia.

Kanuni ifaayo, basi, ni kupanga safari kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kwanza huchaguliwa treni iliyo adimu. Kisha nafasi ya kusubiri huwekwa mbele yake. Kuondoka Chur saa moja kabla ya lazima ni bima isiyo na gharama kubwa. Vilevile haifai kutegemea treni ya mwisho ya siku, kwa kuwa nyuma yake hakuna nyingine.

Tiketi nazo zina uzito wake. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Juni 2023 humlinda abiria mwenye tiketi moja ya safari nzima akikosa muungano kwa sababu ya ucheleweshaji. Mwenye tiketi mbalimbali zilizonunuliwa kila moja peke yake huweza kukosa ulinzi huo.

Mwishowe, ratiba za Ulaya huhesabu saa tangu usiku wa manane: 20.04 ni saa mbili na dakika nne usiku. Aidha, saa za London ziko nyuma ya zile za Paris kwa saa moja, na ratiba mpya huanza kila mwaka katikati ya Desemba. Abiria wa mji mdogo aliyezingatia hayo hufika salama kama yule wa mji mkuu, ingawa alitangulia kuamka.