Makanisa ya Garsen: Kweli au Si Kweli?

Panda basi la Malindi kwenda Lamu, taja kwamba unashuka Garsen kwa ibada ya Jumapili, na jirani yako hatakosa neno. Nimeyasikia mengi. Mengine yanaumiza, ndiyo maana nayajibu.

"Ukristo wa Tana ni wa juzi, umekuja na spika." Si kweli. Wamethodisti walikuwa kijiji cha Golbanti katikati ya miaka ya 1880, na mwaka 1887 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza kazi Ngao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo mpaka akaifasiri Injili. Mkesha wa leo, wenye kinanda na vipaza sauti, umeota kwenye udongo huo. Tena misheni ya Golbanti haikuwalenga Wapokomo. Wamishenari walikuja kuwatafuta Waorma, ambao siku hizo waliitwa Wagalla. Mbegu ilirushwa kwa wafugaji hao, ikaota kwa Wapokomo wakulima.

"Mchungaji Houghton aliuawa na wenyeji kwa sababu ya Biblia." Si kweli. Mmishenari huyo wa Kimethodisti na mkewe waliuawa Golbanti mwaka 1886, kijiji kilipovamiwa na Wamaasai.

"Ulokole ni wa Kimarekani." Nusu. Mahubiri ya utajiri wa haraka yana mizizi mingi huko. Lakini neno lenyewe limetoka Uganda: balokole, waliookoka. Uamsho uliolieneza uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Kenya mwongo huo huo.

"Vita vya 2012 vilikuwa vya dini: Wapokomo Wakristo, Waorma Waislamu." Si kweli, na hili ndilo linalonichoma zaidi. Agosti mwaka huo zaidi ya watu 50 waliuawa kijiji cha Reketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani. Hadi mapema 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100. Lakini Wapokomo wa juu, upande wa Hola na kupanda, wengi wao ni Waislamu. Hata huku chini zipo nyumba ambamo ndugu mmoja husali msikitini na mwingine ni mzee wa kanisa, na Idi na Krismasi sufuria ni ile ile. Kilichogombewa ni mto Tana. Mkulima analima ukingoni kwa sababu ndipo penye rutuba. Mfugaji, kiangazi kikikaza, lazima ng'ombe wake wapite malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, wafike majini. Shamba likiziba malka, au ng'ombe wakilala ndani ya mahindi, hakuna anayeuliza nani amebatizwa. Anayeviita vita vya dini anatunyima dawa, kwa sababu dawa iko kwenye mipaka ya ardhi na njia za maji.

"Baada ya Shakahola, kila mchungaji asiye na dhehebu kubwa ni wa kuogopwa." Si kweli, ila hofu ina haki yake. Msitu wa Shakahola, ambako mchungaji aliwaambia waumini wafunge hadi kufa, uko Kilifi, kaunti jirani, na tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo. Muumini ana haki ya kumwuliza mchungaji wake alisomea wapi, nani anamkosoa, na sadaka inakwenda wapi. Mchungaji wa kweli hujibu bila kukasirika. Na akimkataza mgonjwa kwenda hospitali, aachwe madhabahuni peke yake.

"Mafuriko yakija, kanisa hufungwa." Jengo, ndiyo. Mwaka 1997, 2018, 2023 na tena 2024 Tana ilifurika. Mabenchi hupandishwa juu ya mabenchi, matope yanaacha mstari wa kahawia ukutani, na Biblia zinasafiri kwa mtumbwi ndani ya mfuko wa plastiki. Ibada huhamia kwenye mwinuko, chini ya turubai. Mama wa kwaya anapanga foleni ya unga nyuma ya mama aliyetoka kuswali adhuhuri, na anayetangulia kufika mbele humshikia mwenzake mtoto.