Tega Sikio Kabla ya Kushika Spana

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wangu niliujenga kwa karo ya mtoto, na ufa wenyewe ulikuwa mpira uliopasuka, usiozidi ngumi kwa ukubwa.

Ninamiliki Celica ya mwaka 1991, gari la michezo lililokula chumvi. Wapenzi wa Safari Rally watakumbuka jinsi ndugu zake walioendeshwa kwa magurudumu manne walivyotamba humu nchini mikononi mwa Carlos Sainz mwaka 1992, Juha Kankkunen mwaka 1993, na Mkenya mwenzetu Ian Duncan mwaka 1994. Langu huvutwa na magurudumu ya mbele pekee, na fahari yake imebakia katika umbo.

Lilianza kutoa mlio, ta-ta-ta, kila nilipokata kona. Fundi wa kwanza hakuliendesha hata hatua moja. Alitamka "beringi", nami nikalipa. Mlio haukukoma. Juma lililofuata akatamka "shokamzoba", nikalipa tena. Shule zilipofunguliwa, binti yangu alikaa nyumbani siku nane kwa kukosa karo.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mti. Hakushika spana. Aliniamuru nizungushe usukani hadi mwisho, kushoto kisha kulia, niende polepole huku nikiongeza mafuta kidogo. Akatega sikio.

"Mwanangu," akaniambia, "gari limekueleza linapoumia, nawe unazunguka ukiwauliza watu."

Mgonjwa alikuwa kiungo ambacho mafundi wetu hukiita sivi jointi. Kila shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele ina viungo viwili: cha ndani karibu na giaboksi, na cha nje gurudumuni. Cha nje huwa na gololi, aghalabu sita, zinazoteleza katika mifereji ili nguvu ifike sawasawa hata gurudumu linapopinda. Muundo huo ulibuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, katika miaka ya 1920. Uhai wa kiungo ni grisi, na mlinzi wa grisi ni mpira wenye mikunjo uitwao buti. Mpira ukichakaa kwa umri na kupasuka, grisi hutupwa nje, vumbi na maji huingia, nazo gololi huanza kuila mifereji.

Msomaji, jifunze kutofautisha malalamiko haya. Ta-ta-ta kwenye kona, hasa ukikanyaga mafuta, ni kiungo cha nje, na aghalabu ni cha upande ulio nje ya kona. Kishindo unapokanyaga au kuachilia mafuta, au mtetemo unaozidi injini inapovuta, huelekeza kwenye kiungo cha ndani. Mvumo unaopanda pamoja na kasi, hata barabara ikiwa imenyooka, ndio dalili ya beringi. Kisha zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua gari, uliegemeze kwenye stendi imara wala si jeki pekee, ukague buti na upande wa ndani wa rimu. Grisi iliyotapakaa hapo ni ushahidi mzito.

Buti likipasuka kabla ya mlio kuanza, kusafisha kiungo na kutia grisi mpya na buti jipya huweza kukiokoa. Mlio ukishaanza, grisi haiponyi, kiungo hubadilishwa. Ukipuuza, siku moja kitavunjika, injini ingurume na gari lisisogee, pengine ukiwa katikati ya mlima usiku.

Sisemi mafundi wetu ni wezi. Wengi ni hodari, tena wenye subira. Ninalopinga ni desturi ya kubahatisha kwa mfuko wa mwingine. Daktari asiyemgusa mgonjwa tunamshuku. Mbona fundi asiyeliendesha gari tumlipe? Lakini nami sikosi lawama, maana sikumdai anionyeshe kosa kabla ya kutoa fedha.

Binti yangu amerejea darasani, na Celica hupita kona kimya. Siku hizi, kila mwisho wa mwezi, huinama nikachungulia mabuti kabla sijahesabu mshahara.